Mlango wa Nyumba Namba Tano

Mimi sipendi watu wanaoota mchana. Nimejenga mawe miaka thelathini na nne, na jiwe halina habari na ndoto yako. Ukiliweka vibaya litabaki vibaya mpaka mtu aje alibomoe. Kwa hivyo hebu niambieni ilikuwaje, Jumapili moja asubuhi, mimi Oketch nikajikuta kwenye kiwanja kitupu nyuma ya Majengo, Pumwani, nikibisha hodi kwenye nyumba ambayo haikuwepo.

"Hodi," nikasema.

"Karibu, Baba Whitney," Mukai akaitika kutoka ndani. "Na ufute miguu."

Ndani gani? Kulikuwa na mistari ya chokaa juu ya udongo mweusi, basi. Mukai alikuwa ameketi kwenye stuli ya plastiki katikati ya mistari hiyo, amejifunga leso kichwani, chupa ya chai iko miguuni pake. Nami, mtu mzima mwenye watoto wanne, nikafuta miguu. Nikapita pale alipoacha nafasi ya mlango, kwa sababu ningepita mahali pengine ningekuwa nimepita ukutani.

Sijui nilikuwa na nini siku ile. Jua lilikuwa bado jepesi, ukungu haujaisha, na upande mmoja tulisikia kanisa likiimba, upande mwingine watoto wa madrasa wakirudia masomo yao. Ile chokaa ilikuwa nyeupe sana. Ukiitazama kwa muda macho yanaanza kukudanganya, unaona kuta zinainuka polepole, zinafika kiunoni, zinafika begani. Nilikunywa chai kwenye hiyo sebule na nikasikia joto la ndani ya nyumba. Nawaambia kama lilivyokuwa.

Hiyo ndiyo ilikuwa njia ya Mukai. Wakandarasi wengine wakishapata ramani wanapigilia vigingi, wanafunga kamba, wanachimba. Yeye kwanza alimwaga chokaa, nyumba nzima kwa ukubwa wake kamili, kisha akawaita wenye nyumba waje wakae humo kutwa. Walete viti, walete chakula, wajifanye wanaishi. Alisema ukimwonyesha mama karatasi atakubali kila kitu ili asionekane hajui kusoma ramani, lakini mwambie ajifanye anapika hapo, uone kama hatakwambia ukweli.

Mimi na yeye tulikulia Kaloleni, milango miwili ikitutenganisha. Baba yangu alikuwa mtu wa reli. Baba yake alitoka Ukambani, mchonga vinyago, na nyumba yao ilinuka vumbi la mbao mwaka mzima. Mimi nimemzidi miaka kumi na miwili. Namkumbuka akiwa mtoto wa miaka sita, mchana watu wamelala, anachora vyumba kwa kijiti kwenye kivuli cha ukumbi wa mtaa. Siku moja nilikatiza pale nikienda mpirani, nikamkanyagia mchoro. Akalia kilio cha kweli. Alisema nimemkanyaga mtu aliyelala. Mama yangu alinilazimisha kuomba msamaha, na nilimwomba huyo mtu aliyelala msamaha mbele ya marafiki zangu wote.

Alipomaliza shule, karo ya chuo haikupatikana, akaingia mjengo. Alianza kwa kubeba mawe na kuchanganya simiti, mwanamke pekee kwenye saiti nzima, na mimi nikiwa fundi hapo. Wiki ya pili akaja akanishika shati. "Oketch, nifundishe hiyo timazi." Nikamfundisha. Ningejua ningenyamaza, maana baada ya miaka mitano ukuta wake ulikuwa umenyooka kuliko wangu. Akasomea cheti cha jioni, akamzaa mwanawe Nzivo, akampa jina la babu yake mchonga vinyago, akasajili kampuni ya ujenzi, daraja la chini kabisa. Kampuni yenyewe ilikuwa yeye, simu yake, na mkokoteni tuliokuwa tukiugombania.

Hapo ndipo shida ilipoanza, na shida hii haikuwa na ndoto ndani yake. Mkandarasi mdogo akiomba kazi anaulizwa: umewahi kukamilisha nini kwa jina lako? Akisema bado, anaambiwa arudi akishakamilisha. Akamilishe nini, na hajapewa? Ghorofa nyingi pale Umoja zimepitia mikononi mwa Mukai, lakini kwenye karatasi kuna majina ya wanaume waliokuwa wakija saiti mara mbili kwa mwezi na viatu visafi. Miaka tisa alijenga chini ya jina la mtu ambaye naye alikuwa akijenga chini ya jina la mtu. Alichokitaka kilikuwa barua moja tu, inayosema kwamba Mukai amejenga nyumba hizi, zimekaguliwa, zimekamilika. Na msidhani mimi nilikuwa nikimwombea kwa wema mtupu. Akipata barua, mimi ningekuwa fomani wake, na magoti yangu yangepumzika.

Basi akina mama wanane wanaouza soko la Muthurwa, wenye chama chao, wakapata kile kiwanja na mkopo wa nyumba za bei nafuu. Wakandarasi wakubwa hawakujisumbua kwa kazi ndogo namna hiyo. Wale mama walimtaka Mukai, kwa sababu wengi wao walimjua tangu akiwa anabeba mawe. Nikamwambia, "Mama Nzivo, hii usiiote. Hii fuata karatasi." Akasema sawa. Alikuwa akitazama juu ya kichwa changu wakati anasema sawa.

Turudi kwenye ile Jumapili. Kufikia saa nne mama wote walikuwa wamefika, kila mmoja kwenye nyumba yake ya chokaa, vyumba viwili na jiko. Walisalimiana kutoka madirishani. Mmoja alimwambia jirani apunguze redio, na hakukuwa na redio. Mwingine alilala usingizi wa kweli chumbani kwake, leso juu ya uso, na sisi tuliokuwa nje tukawa tunapita kwa kunyata. Wapita njia walisimama wakatutazama, lakini hata wao, nawaambia, hakuna aliyekanyaga mstari.

Nyumba namba tano ilikuwa ya Bi Rukia, mwenyeji wa Majengo, muuza viungo. Mumewe, Mzee Bulle, aliendesha malori ya safari za mbali za kaskazini mpaka kiharusi kilipomwangusha. Sasa ulikuwa mwaka wa tatu amelala, hatembei, hasemi, macho tu ndiyo yaliyobaki kwake. Bi Rukia alichuchumaa mahali pa jiko akageuza shingo huku na huku.

"Mukai," akaita. "Kitanda cha mume wangu kitakaa wapi?"

"Pale, mama, kwenye ile kona."

"Mbona nikiwa hapa simwoni?"

Mukai akaenda akachuchumaa kando yake. Kwenye ramani mlango wa chumba ulikuwa pembeni kabisa, kwa hivyo ukuta ulikaa katikati ya jiko na kitanda.

"Yeye hawezi kuniita," Bi Rukia akasema. "Atapaliwa na mate pale, mimi hapa nakaanga vitunguu. Kule Majengo angalau chumba ni kimoja."

Mukai akainuka. Alichukua ufagio, akafuta chokaa, akausogeza mlango futi mbili kuelekea katikati ya ukuta. "Na sasa?"

Bi Rukia akainamisha kichwa kidogo. "Sasa namwona," akasema. Alisema hivyo akitazama udongo mtupu, na mimi nikageuka kutazama pia.

Wale wengine saba walikuwa wamesikia. Huyu ana mjukuu anayetambaa, yule ana mama mzee, mwingine alisema yeye hana wa kumwangalia lakini hatakubali nyumba yake iwe duni kuliko za wenzake. Jioni ilipofika milango minane yote ilikuwa imehama.

Mimi ndiye niliyekuwa na ramani mfukoni. Nilipaswa kuitoa, nimwambie Mukai asubiri. Sikuitoa. Nilifikiri mlango wa ndani ni mlango wa ndani, nani atakuja kuupima? Na kusema kweli sikutaka kuwa mtu wa kuivunja siku ile.

Tulijenga miezi mitatu. Mwenye mawe alitaka pesa taslimu kabla lori halijawashwa, ilhali wakubwa anawapelekea kwa kupigiwa simu tu. Maji yalikuja siku tatu kwa wiki, siku nyingine tulibeba mitungi kwa ule mkokoteni. Mara mbili lori letu la simiti lilitupita likaenda saiti kubwa, na tulipouliza tukaambiwa tungoje zamu yetu. Mimi nilitukana. Mukai alingoja. Kila jioni watu wakishaondoka aliingia nyumba moja moja, kwa mlango, akasimama mahali pa dirisha akatazama nje, mkono wake umelala ukutani. Nilikuwa nikimwambia aende nyumbani kwake akapike. Alisema anakuja, na hakuja.

Kuta zilipokamilika, kabla ya kuweka bimu za zege za kubebea paa, shirika la mkopo likamtuma mkaguzi. Jina lake Maingi, bwana mpole, mwenye miwani. Alipima nyumba namba moja, akaandika. Akapima namba mbili, akaandika tena. Alipofika ya tatu mimi nilikwishakaa juu ya mawe, maana nilijua. Akatoa mkebe wa rangi nyekundu, akaweka alama kwenye kila mlango wa chumba, nyumba zote nane.

Alimwambia Mukai kwa Kikamba kwanza, polepole, kama mtu anayeleta habari za msiba. Kisha akarudia kwa Kiswahili ili nami nisikie.

"Mlango uliwekwa pembeni kwa sababu, mama. Katikati ya huu ukuta ndipo bimu inapolalia. Nyinyi mmefungua tundu chini ya mahali panapobeba mzigo."

Uso wa Mukai ulibadilika rangi. Na mimi nilishikwa na aibu, aibu yangu mwenyewe, si ya kushiriki. Fundi wa miaka thelathini na nne anapaswa kujua bimu inalalia wapi kabla hajaweka jiwe la kwanza, na mimi sikuangalia. Tulikuwa tumewajengea wale mama nyumba nzuri ambayo ingewaangukia.

"Ramani haiwezi kubadilishwa?" Mukai akauliza.

"Inaweza. Mchora ramani achore upya, apige muhuri, ipelekwe kaunti, ingoje. Ukiwa na bahati, miezi minne. Na mkopo huu unafungwa baada ya miwili." Maingi akafuta miwani yake. "Nawapa wiki mbili. Rudisheni milango ilipochorwa, kazi iendelee. Msiporudisha nitaandika kwamba kazi imeanguka, na chama kitatafutiwa mkandarasi mwingine. Sina raha kusema hivi."

Tuliwaita wale mama tukawaeleza. Nilitegemea kelele. Bi Rukia ndiye aliyesema wa kwanza. "Bomoeni," akasema. "Nyumba ni nyumba. Nitakuwa nakimbia kumtazama."

Tukabomoa. Kuziba tundu moja na kufungua jingine ni kazi ya kutwa nzima, vumbi linakujaa mpaka kwenye meno. Mukai alishika nyundo mwenyewe, hakutaka kuketi. Nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, kisha akaruka akaenda ya sita. Niliona. Nikamfuata, kwa sababu hata mimi sikuwa na haraka ya kufika pale. Siku ya saba tukawa tumemaliza milango saba.

Siku ya nane tulikuwa tukirudi kutoka kula mchana, nyundo begani, na kabla hatujafika tukasikia harufu ya vitunguu vinavyokaangwa na bizari. Ilitoka nyumba namba tano. Tukaingia. Bi Rukia alikuwa amechuchumaa mahali pa jiko, makaa yamewaka, sufuria iko juu. Na kule chumbani, kwenye kona, Mzee Bulle alikuwa amelala juu ya godoro. Wapwa zake walikuwa wamemleta kwa mkokoteni kutoka Majengo.

Hapakuwa na paa. Juu yao ilikuwa mbingu tupu, mawingu meupe yakienda taratibu, na kila wingu lilipopita kivuli chake kiliingia kwa ukuta mmoja, kikapita juu ya godoro, kikapita juu ya jiko, kikatoka. Kelele zote za Pumwani zilikuwa mbali kabisa, sijui zilikwenda wapi. Bi Rukia akinyoosha mkono kuchukua chumvi, macho ya yule mzee yanaenda kushoto. Akigeuka kuchukua maji, yanaenda kulia. Alikuwa akimfuata mkewe jikoni kwa macho, hatua kwa hatua, na uso wake ulikuwa umetulia.

"Msinikasirikie," Bi Rukia akasema bila kugeuka. "Nilitaka siku moja tu. Kaeni mle, kisha mbomoe."

Tulikuwa tumeshakula, lakini tulikaa. Alitupakulia pilau, tukala kwenye sebule isiyo na paa, jua likitupiga utosini. Nilitamani ile siku isiishe, na mimi si mtu wa kutamani vitu vya namna hiyo.

Mukai alipomaliza akanawa mikono, akachukua nyundo, akaenda akasimama pale mlangoni. Aliposimama tu, akawa amemkinga Mzee Bulle asimwone mkewe. Yule mzee akatoa sauti. Haikuwa neno, ilikuwa mguno wa chini, kama wa mtu anayesukuma mzigo. Mukai akasogea kando, na sauti ikakatika. Akarudi mlangoni, ikaanza tena. Akaondoka pale, akaiweka nyundo chini taratibu ili isigonge.

"Hatubomoi," akasema.

Nilimvuta nje. "Mukai, umerogwa? Bila hii, kazi haijakamilika. Wiki mbili zinaisha. Barua yako iko pale, imebaki mlango mmoja."

"Nitasimamisha nguzo mbili za zege, huku na huku, na bimu nene ya kuvuka juu ya mlango. Ukuta utashika kuliko ulivyochorwa. Hakuna paa litakalomwangukia."

"Na karatasi?"

"Karatasi itasema inachosema."

Nilitupa mwiko wangu chini. Nikamwambia maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya watoto. Nikamwambia magoti yangu yamekwisha, kwamba nimengoja hiyo barua miaka tisa pamoja naye, na kwamba yeye amezoea kuota na sisi ndio tunaoamka. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Najua, Baba Whitney," akasema. "Nisamehe."

Hakuna kitu ninachochukia kama kuombwa msamaha nikiwa bado na hasira. Nilienda zangu Kaloleni kwa miguu, nikafika, nikakataa chakula. Asubuhi nikarudi. Nilimwambia nimerudi kwa sababu hakuna mtu pale anayejua kufunga vyuma vya bimu vizuri kama mimi, na hiyo ni kweli. Lakini pia ile sauti ya mzee ilikuwa imekataa kutoka masikioni mwangu.

Tukamwaga nguzo, tukamwaga bimu. Maingi alikuja mwisho wa wiki mbili, akapita nyumba zote. Kwenye namba tano alikaa sana. Alipima, akagonga, akauliza tumeweka vyuma vingapi, akavihesabu kwenye picha nilizopiga kwa simu kabla ya zege.

"Hii imeshika," akasema. "Imeshika kuliko zile nyingine."

"Basi andika nane," nikamwambia.

"Haiko kwenye ramani, mzee. Nikiandika nane nitakuwa nimedanganya kwa ajili ya ukuta mzuri. Mwezi ujao mtu ataniomba nidanganye kwa ajili ya ukuta mbaya, na nitamwambia nini?"

Mukai alimpa mkono, akamshukuru. Shirika likasema kwa kuwa saba zimefuata ramani mkopo utazifuata hizo saba, na ya nane chama kijitegemee. Wale mama wakajichanga, bati moja moja, wakaiezeka namba tano wao wenyewe.

Barua ikaja. Jina lake lilikuwa limeandikwa lote, Mukai Nzivo, na halikukosewa. Imekaguliwa, imekamilika, nyumba saba. Tulifurahi, sitadanganya. Tulienda Muthurwa tukanywa soda tukiwa tumesimama, akawa anaikunja na kuikunjua mpaka nikamwambia ataichana.

Miezi miwili baadaye ikatangazwa kazi ya nyumba sitini za bei nafuu, na sehemu yake imetengewa wakandarasi wadogo. Ndiyo kazi tuliyoingoja. Mukai akaleta fomu nyumbani kwangu, tukaijaza mezani, mke wangu akizima televisheni ili tusikosee. Tukafika kwenye kipengele cha kazi iliyokamilika. Mwombaji awe amekamilisha nyumba zisizopungua nane.

Nilikisoma mara mbili. Yeye alikisoma mara moja.

"Andika nane," nikasema. "Si umejenga nane? Nani atakuja kuhesabu?"

Alishika kalamu muda mrefu, na nilimwona anavyotaka. Mkono wake ulitaka. Kisha akaandika saba, akaandika na namba ya barua kando. Fomu ilirudi baada ya wiki mbili, na sidhani kama waliisoma ng'ambo ya hapo.

Sasa tuko tena chini ya jina la mtu. Ni saiti kubwa, ghorofa kumi. Mukai anawasimamia mafundi ishirini, wale mainjinia wanamwita mathe, yaani mama, na kumuuliza mambo ambayo wao ndio walisomea, lakini pale getini kila asubuhi anaandika jina lake kwenye daftari, na kwenye nafasi ya cheo anaandika fundi. Na mimi magoti ndiyo haya. Siku moja nilimuuliza waziwazi kama anajuta.

"Najuta," akasema. "Kila siku, nikiandika pale getini. Mpaka kama saa nne hivi. Halafu kazi inanishika."

Nilitaka aseme vingine.

Ijumaa iliyopita mvua ilitutoa kazini mapema. Tulikatiza Pumwani kwa miguu, na mimi nikasema tupite kwa Bi Rukia. Mukai hakuwa amekanyaga pale tangu kazi iishe. Alisema ana haraka, nikamuuliza haraka ya wapi, akanifuata. Tulikuwa bado tuko pale kwenye bomba la maji la mtaa, mbali kidogo, Bi Rukia akatokea mlangoni kwake akitabasamu, na ndani vikombe viwili vya chai vilikuwa vimekwisha kumiminwa.

"Umejuaje tunakuja?" nikamuuliza.

"Mume wangu ameniambia."

Nikafikiri ni mzaha. Akatuingiza ndani akatuonyesha. Kutoka kwenye kile kitanda, jicho linapita mlango wa chumba, linapita jiko, linatoka mlango mkubwa, linaenda na kichochoro chote mpaka bombani. Mzee Bulle anaona kila mtu anayechota maji, kila mtoto anayetoka shule, kila mwenye mzigo. Akija mtu anayemjua anatoa sauti fupi moja. Akija mgeni anatoa mbili.

"Siku hizi yeye ndiye anayeniambia nani anakuja," Bi Rukia akasema. "Miaka mitatu kule Majengo alikuwa anatazama ukuta."

Sisi wote tulidhani mlango ule ni wa Bi Rukia, wa kumwangalia mgonjwa wake. Mimi nilidhani hivyo, Mukai alidhani hivyo, hata Bi Rukia mwenyewe. Kwenye kiwanja kile tulimuuliza kila mtu anataka kuona nini kutoka wapi, na hakuna aliyefikiri kumuuliza yule aliyelala.

Mukai akaenda akakaa chini kando ya kitanda, upande wa ukuta, ili asimkinge. Mzee Bulle akamtazama, akatoa ile sauti fupi, moja. Mukai akalia. Alilia bila kujificha, na Bi Rukia akamwacha, akaendelea kukata vitunguu vyake. Mimi nilikunywa chai. Alipotulia nikamuuliza tena kama anajuta. Akasema ndiyo, anajuta sana, kisha akapangusa uso kwa leso akaniuliza kama Jumatatu nitakuwa na nafasi, twende pamoja kwa mchora ramani, tujue atataka nini ili kwenye nyumba zijazo, za yeyote yule atakayezijenga, mlango uchorwe pale tangu mwanzo.